Kuhama kwa Sababu ya Kodi: Nani Atalipa Tofauti?



Miongoni mwa maswali wanayotuletea ndugu wa Geita, Kahama na Shinyanga, limo moja ambalo kwa sura ya nje halifanani na swali la dini hata kidogo. Wanauliza: Kodi ya nyumba imepanda, je, mtu avumilie palepale penye kazi yake, au aichukue jamaa yake ahamie mahali pa bei nafuu? Baadhi yao huongeza neno zito zaidi. Husema: Ikiwa riziki imo mikononi mwa Mwenyezi Mungu, je, kuukimbia mji kwa sababu ya kodi si upungufu wa tawakali? Na wapo wengine, hasa walioingia katika dini karibuni, ambao wamesikia sifa za hijra, wakadhani kwamba kila afungaye virago vyake amefanya ibada.

Swali hili si dogo. Mtu apotezapo nyumba hupoteza pamoja nayo majirani, shule ya watoto, njia aliyoizoea ya kwenda msikitini, na mara nyingine hupoteza hata amani baina yake na mkewe. Tena yampasa anayejibu awe mwangalifu. Mubalighi hukaa katika nyumba ya Jumuiya, na mwandishi wa makala hii alikula na kulala bure miaka yote aliyosoma katika chuo cha dini ng'ambo; ni rahisi mno kuhubiri subira chini ya paa usilolilipia.

Kwanza tutazame sababu za jambo lenyewe. Mkoa wa Geita ulipoanzishwa mwaka 2012, hesabu ya watu ya mwaka uo huo ilikuta humo watu zaidi kidogo ya milioni 1.7. Hesabu ya mwaka 2022 ikawakuta karibu milioni 3. Mkoa wa Shinyanga nao, katika miaka hiyo 10, ulitoka watu kiasi cha milioni 1.5 ukavuka milioni 2.2. Wengi ni watoto waliozaliwa humo humo, lakini wengi pia wamevutwa na madini. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza kutoa dhahabu mwaka 2000, wa Bulyanhulu mwaka 2001, na wa Buzwagi, jirani na mji wa Kahama, mwaka 2009. Mwezi Machi 2019 likafunguliwa mjini Geita soko la madini, ili wachimbaji wadogo wauze dhahabu yao mahali pa wazi. Penye soko kuna wanunuzi, penye wanunuzi kuna nyumba za wageni, na wote hao wahitaji mahali pa kulala.

Walakini si wafanyakazi wa makampuni makubwa peke yao wapandishao bei. Katika machimbo madogo, kama yale ya Nyarugusu, Lwamgasa na Mgusu, mtu aweza kukaa miezi mitatu duarani bila kupata hata gramu moja, kisha siku moja mwamba ukatema. Mtu wa namna hiyo aingiapo mjini na fedha mkononi habishani na dalali. Akitajiwa bei ya chumba hulipa ya mwaka mzima, maana ajua kwamba mwezi ujao huenda hana kitu. Mwenye nyumba, akiisha kuipata bei hiyo mara moja, huifanya kuwa ndiyo bei ya nyumba yake. Hivyo kodi hupangwa na yule aliyepata, nayo hulipwa na mwalimu, muuguzi, karani, fundi cherehani na mama auzaye maandazi, ambao hawajapata kuuona mwamba wowote ukitema.

Liko jambo jingine ambalo kwa maoni yetu laumiza kuliko hata kupanda kwa kodi, nalo ni desturi ya kudai kodi ya miezi 6 au 12 kwa mkupuo mmoja. Tuseme chumba ni shilingi 60,000 kwa mwezi. Miezi 6 ni shilingi 360,000; ongeza ujira wa dalali, ambao kwa desturi ni kodi ya mwezi mmoja, na mpangaji atakiwa awe na shilingi 420,000 kabla hajafungua mlango. Mtu alipwaye kwa mwezi azipate wapi kwa siku moja? Hapo ndipo wengi huenda kwa wakopeshaji wa mitaani, kwenye mikopo ambayo watu wenyewe wameipa jina la kausha damu. Mtu ambaye aliacha pombe na kamari siku aliyosilimu, hujikuta amenaswa katika riba kwa ajili ya mlango wa kulala. Zamani ilikuwapo sheria ya kudhibiti kodi za nyumba, ya mwaka 1984, pamoja na mabaraza yake. Ikafutwa mwaka 2005. Tangu hapo wenye nyumba na wapangaji wameachiwa mapatano yao wenyewe, na mapatano baina ya mwenye haraka na asiye na haraka twajua yanavyokwenda.

Sasa turudi kwenye swali la tawakali. Katika historia ya Kiislamu kuna tukio mashuhuri la Seyidna Umar r.a., khalifa wa pili. Alikuwa safarini kwenda Shamu, na alipofika mahali paitwapo Sargh akapata habari kwamba tauni imeingia katika nchi ile. Akafanya shauri na watu, akaamua kurejea. Abu Ubaida r.a., jemadari wake mpendwa, akamwuliza kama anayakimbia makadara ya Mungu. Umar akajibu kwamba ndivyo, anayakimbia makadara ya Mungu kuelekea makadara ya Mungu. Kisha akampa mfano: mtu mwenye ngamia, akishuka katika bonde lenye pande mbili, mmoja una majani na wa pili ni mkavu, akiwalisha upande wenye majani si amewalisha kwa makadara ya Mungu, na akiwalisha upande mkavu si vilevile?

Sidhani wapo watu katika Afrika Mashariki waufahamuo mfano huo upesi kuliko Wasukuma. Nchi ya Geita yenyewe ilijazwa kwa sehemu kubwa na wakulima na wafugaji waliohama upande wa mashariki, ambako ardhi ilikuwa imechoka na mifugo imebanana. Jambo hilo lilishika kasi katika miaka ya 1940 na 1950. Baadaye wengine wakaswaga ng'ombe wao hadi Usangu, Rukwa na bonde la Kilombero. Hakuna aliyewaambia wazee hao kwamba wamemkosea Mungu imani kwa kuuacha upande mkavu wa bonde. Basi na wewe, ndugu msomaji, ikiwa kodi ya mjini imekuwa upande mkavu, kuhama hakukupunguzii tawakali. Kumtegemea Mungu ni kufanya shauri jema kisha kumwachia Yeye matokeo. Kukaa umekunja mikono mpaka vyombo vitupwe nje si katika hayo.

Ila tusilipake jambo hili rangi isiyo yake. Mtukufu Mtume s.a.w. alifundisha kwamba matendo hupimwa kwa nia, na kwamba ahamaye kwa ajili ya dunia, kuhama kwake ni kwa ajili ya hicho alichokihamia. Mtu akihama Geita kwenda Kishapu ili apunguze kodi, amefanya jambo la halali la kidunia, kama vile kununua unga palipo rahisi. Haina haja kuliita hijra.

Kuwa halali, hata hivyo, hakutoshi kumaliza swali, maana mengi yaliyo halali huleta dhuluma yafanywapo vibaya. Tumtwae mtu mmoja wa mfano, mwalimu wa shule iliyo katikati ya mji wa Geita, mwenye mke na watoto watatu. Alipa shilingi 80,000 kwa mwezi kwa vyumba viwili. Apata habari za nyumba pembezoni kabisa mwa mji, vyumba viwili vilevile, kwa shilingi 40,000. Afurahi kwamba ameokoa shilingi 40,000 kila mwezi. Lakini nauli ya bodaboda kwenda na kurudi, tuseme, ni shilingi 2,000 kwa siku. Kwa siku 22 za kazi ni shilingi 44,000. Faida imekwisha, na deni la shilingi 4,000 limezaliwa.

Mwalimu wetu ni mtu wa bidii, basi aamua kwenda kwa miguu. Atoka saa kumi na moja alfajiri, arudi usiku umeingia. Kwenye daftari lake shilingi 40,000 zimerudi. Je, zimetoka wapi? Zimetoka kwa watoto, ambao sasa humwona baba yao akiwa amelala. Kisha nyumba mpya haina bomba. Mjini mkewe alikuwa akifungua maji uani. Huku huenda kisimani na ndoo, au humtuma binti mkubwa kabla ya shule. Maji ya Ziwa Viktoria yalifikishwa miji ya Kahama na Shinyanga kwa mabomba mwaka 2009, na mwanamke yeyote aliyeishi huko kabla na baada ya mwaka huo aweza kukuambia bomba lina thamani gani, ingawa hajapata kuiandika kwa shilingi. Binti achelewapo shuleni kwa sababu ya ndoo, naye yumo katika walipaji wa kodi ya baba yake.

Hapa ndipo ulipo moyo wa neno tunalotaka kulisema. Tofauti ya kodi haipotei hewani. Mtu ahamapo mahali pa bei ndogo, ile tofauti hubadilisha mlipaji tu. Mara nyingine mlipaji mpya ni yeye mwenyewe, kwa jasho lake, na hilo ni jambo la sifa. Lakini mara nyingi mno mlipaji ni mtu ambaye hakuulizwa. Mtu wa haki, kabla hajapakia vyombo, huuliza swali ambalo dalali hawezi kumjibu: Nani atalipa tofauti hii, na je, amekubali?

Mtu aweza kusema kwamba mume ndiye mwenye kutoa matumizi, basi uamuzi ni wake. Jibu ni kwamba Kurani Tukufu, itajapo jambo la kumwachisha mtoto ziwa kabla ya wakati, yataka lifanywe kwa kuridhiana na kushauriana baina ya baba na mama. Ikiwa maziwa ya mtoto yahitaji shauri la wawili, je, nyumba, kisima, shule na jirani vyaweza kuamuliwa na mmoja akirudi kazini, akatangaza jioni kwamba kesho kutwa gari laja?

Kuna namna moja ya kuhama ambayo imeenea sana katika ukanda wa dhahabu, nayo yastahili kutazamwa kwa makini zaidi kuliko nyingine zote. Baba haachi mji. Huhamisha mke na watoto kijijini kwa wazazi, naye hubaki mjini au machimboni, akashirikiana chumba na wenzake wanne. Kwa hesabu ya fedha ndiyo njia rahisi kuliko zote. Mwanzoni huenda nyumbani kila mwisho wa wiki, kisha kila mwezi, kisha kwenye sikukuu. Fedha alizokuwa akizituma kila mwezi huanza kuchelewa, kwani machimboni kuna mengi ya kula fedha za mtu aliye peke yake, na kuna wanawake ambao nao wamefukuzwa na ufukara wa kwao. Wazee wa Kisukuma walipohama na ng'ombe wao walihama kaya nzima: bibi, wajukuu, vinu na mbegu. Mtu wa leo huhamisha nusu, akadhani nusu ya pili itabaki nzima.

Simhukumu kila aliyefanya hivyo. Wapo waliofanya kwa dhiki ya kweli, na wakatunza ahadi zao. Lakini yafaa tuukumbuke mpaka uliowekwa. Kurani Tukufu inawaamrisha wanaume kwamba hata mwanamke aliyekwisha kupewa talaka, maadamu yumo katika eda, akalishwe pale pale wanapokaa wao, kwa kadiri ya uwezo wao, wala asidhikishwe ili mambo yamwie magumu. Msomaji alitafakari jambo hili. Ikiwa hiyo ndiyo haki ya mke ambaye ndoa yake inakwisha, ni ipi haki ya mke ambaye ndoa yake ingali imesimama? Neno la kupimia ni lile la kadiri ya uwezo. Dini haikumdai baba nyumba ya vigae. Chumba kimoja chenye pazia katikati, ambamo baba yumo, kwaweza kuwa ndiko kuitimiza amri hiyo. Na nyumba pana ya kijijini ambamo baba hayumo kwaweza kuwa ndiko kuivunja. Kwa hiyo shauri letu kwa anayeweza ni hili: ukihama, hama mzima. Tafuta kwanza uhamisho wa kazi, au shamba, au biashara huko uendako, ndipo uhamishe vitanda. Na kama haiwezekani, andika siku ya mwisho ya kutengana kwenu na uishike kama uishikavyo siku ya kulipa deni, maana kutengana kusiko na tarehe huwa talaka isiyo na jina.

Mpaka hapa tumesema na mpangaji tu, na ingekuwa si haki kumwacha mwenye nyumba akisoma kwa raha. Naye huenda si tajiri. Wengi wa wenye nyumba katika miji hii ni wajane, wastaafu, au watu waliofyatua matofali yao kidogo kidogo kwa miaka 10, bati moja mwaka huu na jingine mwaka ujao, bila kukopa kwa riba. Kuwadai wakodishe kwa hasara ni kuwadhulumu. Inasimuliwa kwamba bei zilipopanda Madina watu walimwomba Mtume s.a.w. azikadirie, naye akakataa, akasema kwamba Mwenyezi Mungu ndiye mwenye kupanga bei, na kwamba yeye atumaini kukutana na Mola wake pasiwe na mtu amdaiye dhuluma ya damu wala ya mali. Wenye nyumba hupenda sana nusu ya kwanza ya habari hiyo. Lakini sababu ya kukataa kwake ilikuwa nini? Ilikuwa hofu ya kumdhulumu mtu hata mmoja katika mali yake. Hofu iliyomzuia Mtume asiguse bei ndiyo ifaayo kumzuia mwenye nyumba aigusapo. Mtume huyo huyo alilaani kuficha vyakula ili bei ipande. Na mtu afungaye vyumba vitatu vitupu, akingoja mchimbaji ambaye mwamba umemtemea, huku mwalimu mwenye watoto amesimama mlangoni na kodi ya mwezi mmoja mkononi, hayuko mbali sana na huyo mwenye ghala.

Tena mwenye nyumba afikiri habari za umri wa dhahabu. Mgodi wa Buzwagi ulianza mwaka 2009, na mwaka 2021 uchimbaji ulikuwa umekwisha. Mtoto aliyezaliwa Kahama mwaka ulipofunguliwa alikuwa bado yuko shule ya msingi ulipofungwa. Mgodi wa zamani wa Geita, uliofanya kazi tangu miaka ya 1930, ulifungwa mwaka 1966, na mgodi mkubwa haukuanza tena pale mpaka mwaka 2000. Katika miaka hiyo 34 waliobaki ni walimu, wauguzi, wachuuzi na wakulima wa pamba. Mwenye nyumba akubalipo kodi ya mwezi kwa mwezi kutoka kwa watu wa namna hiyo, hata ikiwa ndogo kidogo, amechagua mpangaji ambaye hatatoweka siku mwamba utakapokauka. Twajua baadhi ya ndugu wafanyao hivyo, nao hawajawa maskini.

Limebaki swali moja, ambalo ndugu mmoja aliliuliza kwa haya sana baada ya sala ya Ijumaa. Adaiwa kodi ya miezi miwili, amepata chumba cha bei nafuu mbali na hapo, naye alikuwa akifikiri kuhama usiku, kama wafanyavyo wengi, kwa nia ya kutuma fedha baadaye. Jibu letu kwake lilikuwa kwamba asihame usiku. Mwenyezi Mungu ameamrisha madeni yaandikwe, na akaamrisha pia kwamba mdaiwa aliye katika dhiki apewe nafasi mpaka apate wasaa. Amri hizo mbili ni za watu wawili, na hakuna awezaye kuitimiza ya kwake iwapo mmoja ametoroka gizani. Basi aende mchana kwa mwenye nyumba, amweleze hali yake, apunguze deni kwa chochote alicho nacho, alipe na umeme wa LUKU aliouazima kwa jirani, kisha salio waliandike kwa tarehe mbele ya mwenyekiti wa mtaa, kabla godoro la kwanza halijapandishwa garini.